Raiti ya Paskasi

Mume wa Philomena alikuwa na neno moja tu la Kiingereza, na neno hilo nusura limpeleke jela.

Neno lenyewe lilikuwa raiti. Paskasi alilipata ujanani, alipokuwa utingo wa lori la mzungu mmoja mwenye shamba kwenye bonde la Kiru. Kazi yake ilikuwa kusimama nyuma lori linaporudi kinyumenyume, na gurudumu likikaa vizuri apaze sauti, "Raiti." Lori likitakiwa kukata kulia, raiti. Kamba ya mzigo ikikaza, raiti. Mzungu akitukana kwa Kiingereza kirefu, Paskasi alijibu raiti, na mzungu akatulia. Kijana aliyaona hayo akayaweka moyoni. Wenzake wenye maneno mengi walifukuzwa mmoja mmoja; yeye wa neno moja alibaki mpaka mzungu mwenyewe alipofunga virago.

Sababu ya pili ilikuwa aibu, na hiyo aliijua Philomena peke yake. Paskasi alitoka milimani, upande wa Mbulu, na Kiswahili kilimkuta ameshaota ndevu. Siku za kwanza alizofika Babati, watoto wa mjini walimfuata njiani wakiiga namna anavyosema "habari", ile ha yake ikitokea chini kabisa kooni kama mtu anayetoa mwiba wa samaki. Tangu hapo akapunguza maneno kama mgonjwa anavyopunguza chumvi, na mahali pa yale aliyoyaacha akaweka raiti.

Siku ya ndoa yao, Padre alipomuuliza kama anampokea Philomena katika raha na taabu, alijibu, "Raiti."

Padre akamsahihisha. "Sema, nimekubali."

"Raiti. Nimekubali."

Mama yake Philomena, aliyekaa benchi la mbele, alimwinamia dada yake. "Mwanangu ameolewa na gari," alisema.

Lakini Philomena alijifunza. Aliisoma raiti ya mumewe kama watu wengine wanavyosoma mawingu. Ilikuwapo raiti fupi, iliyokatwa mwishoni kama kuni: mboga imekolea. Ilikuwapo ndefu, yenye kupanda na kushuka: mvua ya mawe imepiga maharage. Ile ya kupitia puani ilimaanisha mgeni huyu mwongo, usimkaribishe ndani. Jovita, binti yao wa kwanza, alipozaliwa, Paskasi alisimama mlangoni, akamtazama mtoto, akasema raiti kwa sauti ndogo sana, na Philomena akageukia ukuta ili asionekane analia. Na habari ya kifo cha baba yake Paskasi ilipoletwa kutoka Mbulu, alisema raiti, akachukua jembe, akaenda kulima mpaka jua likazama, na hakuna aliyethubutu kumfuata.

Basi wakaishi hivyo kijijini Nakwa, karibu na Babati, na shamba la mahindi na ng'ombe wawili, mpaka ikaingia ile miaka ya mwanzo ya themanini, miaka ya dhiki.

Walioiishi hawahitaji kuelezwa. Sabuni ilipotea, watu wakafua kwa majani ya mpapai. Chai ilinywewa kwa kipande cha kiazi, au kwa kukumbuka sukari ilivyokuwa. Betri za redio zilianikwa juani kama mbegu ili zipate nguvu ya kutoa taarifa ya habari moja. Bidhaa chache zilizofika Babati zilipitia duka la ushirika lililokuwa karibu na soko, na duka hilo lilihitaji mtu wa kusimama mlangoni. Meneja wake, Romanus, alimchagua Paskasi. Mtu asiyesema, aliona Romanus, hawezi kumwahidi mtu sukari.

Kazi ya Paskasi ilikuwa kulinda foleni. Alisimama mgongo mlangoni, uso kwa watu, na nafasi ikipatikana ndani alisema raiti, na wa mbele akaingia.

Na foleni ya Babati ilikuwa na sheria zake. Kwa kuwa hakuna aliyeweza kusimama kutwa nzima huku ng'ombe hajakamuliwa na mtoto analia, mtu aliweka jiwe mahali pake akaenda zake. Jiwe la mtu lilikuwa mtu. Lilisogezwa kwa mguu foleni ikisogea, na ole wake aliyeliruka. Wengine waliweka kandambili, wengine kikapu kilichotoboka. Philomena aliweka kopo la maziwa ya unga lililobonyea ubavuni, na mji mzima ulilijua: pale lilipo kopo la Mama Jovita, yuko Mama Jovita. Sheria ya pili ilikuwa kubwa kuliko ya kwanza: ukikuta mawe yamepangwa, weka lako, halafu ndipo uulize. Anayeuliza kwanza hukuta mafuta yamekwisha.

Siku nyingine, bidhaa zikiisha, Paskasi alisema raiti ya kuachia watu waende. Lakini ilikuwapo raiti moja ya chini, aliyoisema akitazama ardhi, na hii aliwapa wanawake wenye watoto wachanga peke yao. Maana yake ilikuwa: wewe usiondoke. Romanus alibakiza sukari kidogo kwa ajili ya uji wa wazazi, na hao waliipata wengine wakishatawanyika. Hakuna aliyelipia zaidi ya bei. Philomena alilijua jambo hilo na halikumpa raha hata siku moja. Alikuwa mwanamke wa kuona hatari ikiwa bado iko kule mji wa Magugu, inakuja kwa miguu.

"Baba Jovita," alimwambia siku moja akimmiminia maji ya kunawa, "hiyo raiti yako ya chini itatuponza."

"Raiti," alisema Paskasi, ile ya kufunga mazungumzo.

Mwaka wa themanini na tatu ikaja operesheni ya kuwasaka wahujumu uchumi. Wenye maduka walikamatwa, na wasiokamatwa waliogopa vitu vyao wenyewe. Mtu mwenye mche wa sabuni alioununua kwa haki aliutazama kama bomu. Bidhaa zilizikwa migombani, zilitupwa vyooni, na asubuhi moja povu lilionekana kwenye ukingo wa ziwa, watu wakasema viboko wa Babati sasa wametakata kuliko waumini.

Mwenyekiti wa tawi la chama alikuwa Ndugu Konstantini, fundi baiskeli wa zamani, mtu asiye mbaya lakini mwenye kuogopa wakubwa. Alivyoelewa yeye, kila tawi lilitakiwa kuonyesha mhujumu wake, na tawi lake halikuwa na hata mmoja. Wafanyabiashara wa maana walishachukuliwa na tawi la jirani. Alihangaika, akakonda. Ndipo mtu mmoja, aliyekosa sukari mara nyingi na kuona wengine wakiipata, alipomnong'oneza: yule bawabu wa ushirika ana neno la siri.

Walikuja na mgambo mchana, Paskasi akiwa mlangoni pale dukani. Konstantini alimsomea kwamba anatuhumiwa kuwapa walanguzi ishara kwa lugha ya kigeni.

"Raiti," alisema Paskasi kwa unyonge.

Mgambo akaandika kwamba mtuhumiwa amekiri.

Wakalifunga duka, wakabandika karatasi yenye mhuri juu ya kufuli ili ushahidi uliomo ndani usiguswe. Hakuna aliyeangalia ni ushahidi gani. Kuhesabu, alisema Konstantini, ni kazi ya wilayani. Paskasi akafungiwa kwenye stoo ya ofisi ya tawi, pamoja na magunia matupu na bendera zilizopauka, na ikatangazwa kwamba kamati itamsikiliza hadharani, kisha itampeleka mbele.

Kupelekwa mbele ilimaanisha Arusha. Philomena alijua watu waliopelekwa mbele, na hakuna aliyekuwa amerudi. Hakulala vizuri tangu siku ile. Alimpelekea mumewe chakula, akamtazama kupitia ufa wa mlango akila, akarudi nyumbani akipanga atakachosema akiulizwa. Akisema neno lile halina maana, wataona anaficha. Akisema lina maana, wataandika. Na akiitaja raiti ya chini, atakuwa amemfunga mumewe kwa mdomo wake mwenyewe.

Siku ya kikao, meza ya kamati iliwekwa kwenye kibaraza cha duka la ushirika, mbele ya mlango uliofungwa, ili ushahidi uwe karibu. Konstantini alikaa katikati. Kulia kwake alikaa Mwalimu Egidius wa shule ya msingi, aliyeitwa kama mtaalamu wa lugha, na kamusi nene mapajani. Kushoto alikaa katibu. Romanus, meneja, alisimama pembeni na funguo mfukoni, akitamani asionekane. Paskasi aliwekwa kwenye benchi chini ya kibaraza, akiutazama mlango.

Philomena alifika mapema na maziwa. Mgambo alimruhusu kumpa mumewe bakuli, kisha akamwambia akae nyuma.

"Nyuma wapi, mwanangu?"

"Nyuma yake hapo, Mama. Lakini usiongee naye."

Aliliweka lile kopo chini, nyuma ya benchi, apate kushika nafasi yake, akaenda kwenye bomba kusuuza bakuli. Hakuwa na wazo lolote kichwani. Ulikuwa mkono tu, na mazoea.

Aliporudi alimkuta Kandida, Mama Leonsi, jirani yake wa Nakwa, amesimama nyuma ya kopo na jiwe lake miguuni. Kandida alikuwa akipita kwenda sokoni kuuza vitunguu. Alichoona ni mlango wa duka, Paskasi, na kopo la Mama Jovita; hakuhitaji kuona zaidi.

"Shikamoo, Mama Jovita. Ni nini leo?"

Philomena alifungua mdomo amwambie kwamba hii si foleni, hii ni kesi. Halafu akamwona mwanamke mwingine anavuka barabara upesi upesi, jiwe mkononi, na nyuma yake mzee wa Sigino anaegesha baiskeli. Akaufunga mdomo. Hakujua bado itamsaidia nini, lakini aliona kwamba watu wengi nyuma ya mumewe ni afadhali kuliko yeye peke yake.

"Marahaba," alisema. "Mimi nangoja tu."

"Basi na mimi nangoja," alisema Kandida, akakaa juu ya vitunguu vyake.

Kikao kikafunguliwa. Konstantini alimwomba mtaalamu aieleze kamati maana ya neno lililotumika. Mwalimu Egidius alifungua kamusi, akavaa miwani iliyofungwa kwa uzi, akasoma kimoyomoyo kwa muda mrefu. Kila alipofika mwisho wa ukurasa alifungua mwingine.

"Ndugu Mwenyekiti, neno hili ni fupi lakini lina ukoo mkubwa."

"Tupe la kwanza."

"Kwanza, ni upande wa kulia."

Konstantini akapiga meza kidogo. "Andika, katibu. Alikuwa anawaelekeza walanguzi upande wa kulia. Kulia kuna nini?"

Wote wakatazama kulia kwa Paskasi, alivyokaa akiutazama mlango. Kulikuwa na posta.

"Samahani, Mwenyekiti," alisema mgambo, "yeye akiwa kazini huwa ametupa mgongo mlangoni. Kulia kwake ni huku kwingine."

Mgambo mwingine aliitwa asimame mlangoni kama anavyosimama Paskasi, anyooshe mkono. Akanyoosha wa kushoto, akasahihishwa, akanyoosha wa kulia. Mkono ulielekea moja kwa moja kwenye nyumba ya bati yenye mlango wa kijani, nyumba ya Konstantini.

Katibu akaiinua kalamu kwenye karatasi.

"La kulia lifutwe," alisema Konstantini. "Tupe la pili."

"La pili ni sawa. Mambo ni sawa."

"Kusema mambo ni sawa si kosa?"

"Kwa sasa hivi," alisema katibu kwa uangalifu, "sidhani kama ni kosa. Ila ni uongo."

Watu wakacheka. Konstantini akageuka kuangalia ni nani anacheka, na ndipo alipoona kwamba nyuma ya Paskasi kuna watu na mawe mpaka mwisho wa uzio wa soko. Alifurahi. Hakujua wananchi wana mwamko kiasi hicho.

"Wananchi wametulia, wanafuatilia. Endelea, Mwalimu."

"La tatu, mara moja. Papo hapo, bila kuchelewa."

Hapo hata kamati ilicheka. Hakuna kitu kilichowahi kufanyika papo hapo katika duka lile.

"La nne, Ndugu Mwenyekiti, ni haki."

"Haki ipi?"

"Haki tu. Ile ya mtu kustahili kitu."

Katibu aliacha kuandika, akamwinamia mwenyekiti. "Ndugu, tukiandika kwamba mtu alisimama mlango wa ushirika mwaka mzima akisema haki, haki, haki, na sisi tukamkamata, huko mbele watatuuliza sisi."

Konstantini alijifuta jasho. Mwalimu alisema yapo mengine: ipo pembe ya mraba, upo upande wa juu wa kitambaa, lipo la kuinua kitu kilichopinduka. Kadiri alivyosoma ndivyo kosa lilivyozidi kuyeyuka, na Konstantini alikuwa ameshawaahidi wakubwa mtu. Akaiweka kamusi kando.

"Mkewe yuko wapi? Simama, Mama. Wewe umekaa naye. Nyumbani kwenu neno hili maana yake ni nini?"

Philomena akasimama. Alimwona Kandida, ambaye mwaka uliopita alimnywesha Leonsi uji wa sukari ile, anatazama chini. Aliwaona wanawake wengine watatu au wanne wa raiti ya chini, kila mmoja na jiwe lake, na kila mmoja amekazia macho jiwe hilo kana kwamba lingeweza kutoroka. Alimwona Romanus amekuwa wa rangi ya majivu. Paskasi peke yake alikuwa ametulia, shingo yake nyembamba imeinama, kama ng'ombe anayengoja kufungwa nira.

"Inategemea, Ndugu Mwenyekiti," alisema.

"Inategemea nini?"

"Inategemea kama ameshakula."

"Akiwa ameshakula?"

"Huwa amesema asante."

"Na akiwa hajala?"

"Huwa amesema chakula kiko wapi."

Konstantini akainua sauti. "Mama, usinichezee. Akiwa hapa mlangoni, mbele ya watu, anamaanisha nini?"

Na Philomena, ambaye usiku kucha alikuwa amepanga majibu, aliona yote yamemkimbia. Akasema kilichobaki. "Mimi ninapokuwa hapa mlangoni huwa siangalii mdomo wake, Mwenyekiti. Huwa naangalia kama kuna kitu."

Kutoka katikati ya foleni sauti ya mwanaume ikauliza, "Kwani kipo?"

"Kipo nini?" alisema Konstantini.

"Ndicho tunachouliza sisi. Tumekaa tangu asubuhi mnasoma vitabu. Ni sukari au ni mafuta?"

Konstantini aliinuka. Sasa aliiona kweli. Foleni ilikuwa imezunguka soko, ikashika barabara kuu, na abiria wa basi la Singida walikuwa wakishuka dirishani na vifurushi vyao kutafuta mawe. Alieleza kwa sauti ya mkutano kwamba hii ni kesi, hakuna kinachouzwa, watu watawanyike.

Hakuna aliyesogea. Watu walikuwa wameambiwa hakuna kitu miaka mitatu mfululizo, na mara nyingi kilikuwapo.

Mke wa Konstantini mwenyewe, Mama Xavery, akajitokeza pembeni ya uzio, kikapu kichwani. Alikuwa nyuma sana na alishaanza kukasirika. "Baba Xavery," aliita, "wanasema ni kesi. Ni kesi ya nini? Wanatoa kilo ngapi kila mtu?"

"Rudi nyumbani, Mama Xavery. Kesi ni kesi."

"Nirudi mikono mitupu, wenzangu wachukue, kisha jioni uniulize chai iko wapi?"

Waliokuwa nyuma wakasukuma ili wasikie. Waliokuwa mbele wakaminywa kwenye kibaraza. Meza ikateleza, kamusi ikaanguka. Philomena alishikilia benchi la mumewe kwa mikono yote miwili. Aliona, na akaona kwamba wengine hawajaona, mgambo mmoja amevua kofia yake na kuiweka chini nyuma ya jiwe la Kandida.

"Fungueni waone," alisema Konstantini kwa sauti iliyopasuka. "Romanus, fungua waone kwamba hakuna kitu, waende."

"Mhuri, Ndugu," alisema katibu.

"Watatuua. Fungua."

Romanus akaichana karatasi, akageuza ufunguo. Mlango ukafunguka, na kwa bahati mbaya kitu kilikuwapo. Kwenye rafu za mbele palipangwa maboksi ya kadibodi mpaka darini. Romanus alikuwa ameyapokea miezi mingi nyuma, kama mgawo, badala ya khanga, na hakuwahi kuyatoa kwa kuona aibu.

Yalikuwa tai. Tai za kuvaa shingoni, nyekundu na za buluu, zenye vidoti. Katika mji ambao wanaume wengi walikuwa na shati moja, na hilo bila vifungo, serikali ya mahali fulani ilikuwa imegawa tai za kumtosha kila mtu.

Hakuna aliyecheka. Kitu ni kitu. Sauti ikapita kwenye foleni, kutoka kibarazani mpaka barabarani, na kila ilipopita ilibadilika: tai, vitambaa, khanga, khanga za harusi. Msukumo ukaja kama maji. Nguzo ya kibaraza ikalia. Mtoto mahali fulani akapiga yowe, na Konstantini akamtazama mtuhumiwa.

"Paskasi," alisema. "Baba Jovita. Fanya kitu."

Paskasi akainuka kwenye benchi. Akapanda kibarazani, akautupa mgongo mlangoni, akanyoosha mikono yake mirefu, akawatazama watu kwa namna aliyokuwa amewatazama mwaka mzima. Wakatulia. Akamtazama wa kwanza, ambaye kwa mujibu wa kopo alikuwa mkewe.

"Raiti," alisema.

Philomena akaingia dukani. Hakuwa na haja ya tai. Alinunua mbili kwa sababu Romanus alisema kila mtu mbili, akatoka, akasimama pembeni apate kuona. Akaingia Kandida. Ikaingia kofia ya mgambo, na mgambo nyuma yake. Foleni ikaenda vizuri, bila kelele, mawe yakisogezwa kwa miguu. Mama Xavery alipofika alichukua mbili na kumchukulia mumewe mbili nyingine, na Konstantini, aliyekuwa akizikataa, aliziona ni za buluu, akazipokea. Mwalimu Egidius alijipanga kama raia mwema. Katibu naye alinunua, akazikunja ndani ya karatasi za kesi.

Maboksi yalipokwisha, watu wakaondoka, wengine wameshafungia tai mizigo ya kuni, na mmoja ameifungia mbuzi. Kibarazani wakabaki wanakamati, duka tupu nyuma yao, na karatasi yenye mhuri imekanyagwa kwenye vumbi.

Katibu ndiye aliyesema. "Ndugu Mwenyekiti, pale juu niliandika kwamba ushahidi umo ndani, umefungwa."

"Ndiyo."

"Ushahidi tumeununua."

Konstantini alitazama tai zilizokuwa mkononi mwake. Kuvunja mhuri, kuuza mali iliyozuiliwa, kununua mali iliyozuiliwa. Katika yote ambayo Paskasi alituhumiwa, hakuna lililokuwa baya kama hayo, na hayo yalifanywa na kamati nzima, mchana, mbele ya abiria wa Singida. Ukimpeleka Paskasi Arusha, atakuwa wa kwanza tu kwenye gari.

"Mwalimu," aliuliza polepole, "ulisema neno la pili lilikuwa lipi?"

"Sawa."

"Andika hilo. Funga kikao."

Katibu aliandika. Konstantini alishuka kibarazani, akamsogelea Philomena, na kwa mara ya kwanza akaonekana ni fundi baiskeli tena, mtu wa mikono yenye grisi. "Mama Jovita, mchukue mume wako. Mtu akiuliza, alikuwa anatusaidia kazi."

"Ndiyo, Ndugu."

"Na usiongeze neno."

"Sina neno, Ndugu."

Wakarudi Nakwa kwa njia ya nyuma. Philomena alitembea hatua moja mbele, akitazama kila kona kabla mumewe hajaifikia. Hakumwambia kwamba alikuwa ameona kila kitu tangu jiwe la kwanza na kwamba alinyamaza kwa makusudi. Aliogopa kulitamka hata kwake mwenyewe, yasije yakalisikia mahindi. Nyumbani alimbandikia maji ya kuoga na kumpikia ugali na maziwa mtindi. Paskasi alikula mpaka mwisho. Kisha, kwa Kiswahili chake chenye mawe, akasema sentensi nzima, polepole, kana kwamba anavuka mto kwa kukanyaga jiwe baada ya jiwe.

"Niliogopa sana, Mama Jovita. Hata leo bado naogopa."

Philomena akamjibu kwamba na yeye pia. Wakakaa hivyo, kila mmoja na woga wake, na ilikuwa nafuu kuliko kila mmoja kuuficha.

Asubuhi alitoka kukamua, akamkuta ndama amefungiwa kwenye mti kwa tai nyekundu. Jovita alikuwa ameona ni kamba nzuri. Philomena aliifungua haraka, akatafuta mahali pa kuificha, na hapo hapo akamwona Ndugu Konstantini anakuja barabarani kwa baiskeli, kuelekea Singe. Alikuwa na shati lisilo na vifungo, na juu yake tai ya buluu yenye vidoti imekazwa vizuri mpaka kooni, ikilizuia shati lisifunguke.

Mwenyekiti aliiona ile nyekundu mkononi mwake. Philomena aliiona ile ya buluu shingoni mwake. Konstantini akagusa kengele ya baiskeli mara moja, kama salamu, akapita.

Philomena alingoja mpaka vumbi lake likatulia. Ndipo akamfunga ndama tena kwa ile tai, maana kamba nyingine hawakuwa nayo, akavuta kigoda, akaanza kukamua.